Ng'ombe wa Nchi ya Chai

Tuliondoka Mombasa katika joto la kaskazi, tukapita Nairobi na Nakuru, na siku ya pili tukawa Kericho, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tukitafuta makoti. Macho ya mgeni huko hunaswa na chai, iliyokatwa sawasawa juu ya vilima mithili ya busati. Lakini mwenyeji wetu, mama Mkipsigis wa karibu na Litein, alitupeleka kwanza malishoni.

Shamba lake si kubwa. Kando ya chai kuna kipande cha nyasi chenye migrivea, na vivulini mwake ng'ombe watatu wa maziwa walikuwa wakila polepole. Tulidhani wameshiba. Mama akatusahihisha kwa upole: mvua ikiadimika Januari na Februari, nyasi hukomaa na kukauka, hujaza tumbo bila kulisha mwili. Mwaka mmoja bei ya chakula cha dukani ilimshinda, akamwachia ng'ombe wake bora nyasi peke yake. Ng'ombe akakonda hali ananyonyesha, maziwa yakakatika, na watoto wakanywa chai ya rangi ndani ya nchi ya chai.

Ndipo akapanda kaliandra, mti mfupi wenye asili ya Amerika ya Kati, kuzunguka mpaka na juu ya matuta yanayozuia mmomonyoko. Baada ya mwaka hivi alianza kuukata kwenye kimo cha mita moja, nao huchipua tena. Majani yake yana protini nyingi, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vikipata protini hiyo huweza kuzisaga hata nyasi ngumu. Utafiti uliofanywa Embu ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi hukaribia kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 kwa siku, huhitaji miti kama 500 kwa mwaka. Mingi kwa hesabu, lakini hutosha katika ua na matuta. Majani hayo hayafai kuzidi theluthi ya chakula chote, na maji na chumvi havikosi kando.

Tuliwakumbuka ng'ombe wa kwetu wanaochunga chini ya minazi, nao wakikonda kila kaskazi. Mlusina unaota pwani, na mashudu ya nazi tunayo. Kinachopungua ni kupanda kabla ya shida. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomwona ngamia aliyedhoofika kwa njaa, aliwausia watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama wasioweza kusema. Basi kumlisha mnyama wakati nyasi zimemsaliti ni amana, nayo faida hufuata.

Kabla ya kushika njia ya Sotik kuelekea Bomet, mama alitumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Maziwa yalikuwa na rangi ya kijivu, nasi tukasita kidogo. Tulipoonja, tuliomba tuongezewe. Mama akacheka, akatuonyesha ua wa kaliandra: ni kutoka pale, kiangazi hiki hiki.