Sayari Tupu

Michezo ni ya namna nyingi kama walivyo wachezaji wake. Upo mpira, ambao huutoa mwili jasho. Lipo bao, ambalo huitoa akili jasho. Na siku hizi upo mchezo wa kioo, ambao mwili hukaa kitako na akili husafiri. Wazee wengi hawaupendi mchezo huu wa tatu, na mimi sikukusudia kuwapinga wala kuwaunga mkono. Nataka kusimulia habari za mchezo mmoja tu, jinsi ulivyowagawanya watu duniani, na jinsi ulivyotugawanya mimi na mdogo wangu katika nyumba moja mjini Nakuru.

Mchezo wenyewe huitwa No Man's Sky. Ulitungwa na kikundi kidogo cha watu kiitwacho Hello Games, katika mji wa Guildford, Uingereza, kikiongozwa na Sean Murray, nao ulianza kuuzwa mwezi wa Agosti, 2016. Mambo yake wakati huo yalikuwa machache. Mchezaji huamka peke yake katika sayari asiyoijua, na chombo chake cha angani ni kibovu. Hukusanya madini, hukitengeneza chombo, huruka, hushuka katika sayari nyingine, hutazama mimea na wanyama, huwapa majina. Mara kwa mara hukutana na viumbe wenye lugha ngeni, na lugha hiyo hujifunza neno moja moja, kama mgeni sokoni. Mbali sana mbele yake kipo kitovu cha galaksi, na akifika huko hupelekwa katika galaksi nyingine aanze safari upya.

Lakini machache hayo yalitandazwa juu ya uwanja usio na kifani. Idadi ya sayari zilizomo ni 18,446,744,073,709,551,616. Msomaji asiogope nambari hii, maana ni jamaa wa hadithi ya zamani. Yasemekana mtu mmoja alimwomba mfalme zawadi ya nafaka: punje moja katika chumba cha kwanza cha ubao wa sataranji, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kuendelea hivyo hivyo mpaka chumba cha 64. Mfalme alicheka, kisha akaona ya kuwa ghala zake zote hazitoshi. Jumla ya punje hizo imepungua moja tu kuwa sawa na idadi ya sayari za mchezo huu. Mtu akizizuru zote, kila moja kwa sekunde moja, bila kula wala kulala, atahitaji zaidi ya miaka bilioni 580.

Pengine utauliza, kikundi kidogo kiliwezaje kuchora sayari nyingi hivyo? Jibu ni kwamba hakikuzichora. Kiliandika kanuni za hesabu, na kila sayari ikapewa nambari yake. Nambari hiyo ni kama mbegu, na kanuni ni kama udongo: mchezaji akikaribia, mbegu huota, na mlima, bahari na wanyama hutokea, akiondoka, yote hutoweka. Mbegu ile ile huota mti ule ule kila mara, na kwa hiyo kila afikaye mahali hapo huuona mlima ule ule. Maarifa haya si mapya. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo uitwao Elite, uliokuwa na galaksi 8, kila galaksi na makao ya nyota 256, katika kompyuta ambayo kumbukumbu yake haingeweza kubeba hata picha moja ya simu za leo.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, na mdogo wangu alikuwa darasa la saba. Mjomba wetu alikuwa ametupa mashine ya PlayStation aliyoitumia kwanza yeye. Nilikuwa nimesikia habari za mchezo huo tangu zamani, nikautamani kama mtu mwenye kiu atamanivyo maji. Bei yake kwa muuzaji mmoja mjini ilikuwa shilingi 6,000. Mimi nilikuwa na shilingi 3,600, ujira wa kupanga magunia ya viazi sokoni wakati wa likizo. Zilipungua shilingi 2,400, na mtu pekee niliyejua ya kuwa angeweza kuzipata alikuwa mdogo wangu, kwa sababu alifuga kuku.

Nilimwendea bandani, nikamwambia mambo mazuri. Nilimwambia ya kuwa tutasafiri pamoja, yeye katika chombo chake na mimi katika changu, na kwamba tutashuka katika sayari moja na kupungiana mikono. Jambo hili sikuwa nimelisoma mahali popote palipoaminika. Nilikuwa nimelisikia kwa wavulana wenzangu, nao walikuwa wamelisikia kwa wengine. Nami nililisema kwa sababu nilipenda liwe kweli. Siku ya pili mdogo wangu aliuza mitetea mitatu, akaniletea fedha mkononi bila kuuliza neno.

Tuliwasha mashine jioni. Sayari yetu ya kwanza ilikuwa na nyasi nyekundu na anga la kijani, na mvua iliyounguza. Nilishikwa na mshangao. Nilitembea juu ya vilima ambavyo hapana jicho lililowahi kuviona, nikahisi moyo wangu ukipanuka. Baada ya saa nzima nilisikia sauti nyuma yangu: "Kaka, mimi naingia wapi?" Niligeuka. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani, ameshika kiongozi cha pili, anabonyeza vitufe visivyofanya kazi. Mchezo ulikuwa wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nilimwachia zamu yangu. Alitembea kidogo, akauliza watu wako wapi, akauliza vita viko wapi, akauliza tunakwenda kufanya nini. Nilipomwambia ya kuwa kazi ni kutazama tu, alikiweka kiongozi chini. "Kaka," alisema, "kwa kuku wangu umeninunulia upweke."

Ugomvi wetu ulikuwa mdogo, lakini ulifanana na ugomvi wa dunia. Katika siku zile zile, wachezaji wawili walipanga kukutana. Walifika katika sayari moja, mahali pamoja, wala hakuna aliyemwona mwenzake. Habari hiyo ilienea upesi. Wanunuzi wengi walilalamika ya kuwa walitarajia mengi na kukuta machache: sayari zinafanana, wanyama hawana maana, safari haina mwisho wa kuridhisha. Wengine walijibu kwa ukali vile vile ya kuwa uchache ndio uzuri wake, na kwamba ukimya wa mahali pasipo na mtu ni kitu adimu katika michezo iliyojaa bunduki. Nchini Uingereza mamlaka ya matangazo ya biashara ilipokea malalamiko, ikayachunguza, na mwezi wa Novemba, 2016 ikaamua ya kuwa tangazo la mchezo halikuwa la kupotosha.

Mimi nilikuwa upande wa wasifiaji, nikaudharau upande wa pili. Nilimwita mdogo wangu mtu asiye na subira. Nilisema hana macho ya kuona. Aghalabu mtu aliyekosa hupenda sana kuzungumza juu ya makosa ya macho ya wenzake. Kwa muda wa miezi mitatu alinijibu pale tu nilipomsemesha, na kila alfajiri nililisikia banda lake likiwa na sauti chache kuliko zamani.

Mwezi wa Desemba nilimwomba tupande Menengai. Tulipita mtaa wa London, maana Nakuru nayo ina London yake, tukapanda taratibu mpaka ukingoni. Msomaji ambaye hajafika huko ajue ya kuwa Menengai ni volkeno ambayo kilele chake kilididimia zamani sana, likabaki shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kina cha karibu mita 500. Ndani yake mna mawe meusi yaliyoganda kama uji uliomwagika, na vichaka vinavyojitahidi kuota katika nyufa. Tangu mwaka 2011 visima vimechimbwa humo kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme, na siku hiyo tuliona moshi mweupe ukipanda. Hapakuwa na vita wala mashindano. Ilikuwa kama mojawapo ya sayari zangu.

Nilidhani mdogo wangu atachoka mara moja. Badala yake alitembea ukingoni saa mbili, akiokota mawe, akitazama tai aliyekuwa akizunguka chini yetu, maana mtu akisimama pale huwatazama ndege kutoka juu. Kisha alianza kuuliza. Ndege huyu anaitwaje? Mti huu ni dawa ya nini? Jina la mahali hapa lina maana gani? Sikuweza kumjibu hata moja. Nilikuwa nimekwisha jifunza maneno zaidi ya mia moja ya lugha ya viumbe wasiokuwako, nami sikujua jina la mti uliokuwa umenipa kivuli.

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza vinyago alimsikia. Mdogo wangu alimwamkia kwa heshima, na mzee akatusimulia habari za vita vya Wamaasai wao kwa wao katika karne ya 19, na jinsi wapiganaji wengi wa Ilaikipiak walivyoangamia katika shimo hilo. Mdogo wangu alisikiliza kimya, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Kumbe hapa si patupu," alisema.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Mdogo wangu hakuwa adui wa ukimya, wala hakukosa macho. Alichukia kuketi mkekani peke yake huku ndugu yake akisafiri kwa fedha zake. Upweke niliouona mimi kuwa tamu ulikuwa tamu kwa sababu niliuchagua, wake alitwishwa. Na aliyemtwisha hakuwa mtunzi wa mchezo aliye mbali Uingereza, ambaye hakumwahidi mdogo wangu kitu. Nilikuwa mimi, niliyechukua tetesi nikaiuza kwa bei ya ahadi. Nilimwomba radhi pale pale ukingoni. Likizo iliyofuata nilirudi kwenye magunia ya viazi, nikamnunulia mitetea mitatu.

Mambo ya dunia hugeuka. Watunzi wa mchezo hawakuutupa. Waliendelea kuuongeza mwaka baada ya mwaka bila kudai malipo mapya. Mwezi wa Julai, 2018 waliutengeneza hata wachezaji wakaweza kuonana, kusafiri pamoja na kujenga pamoja. Wengi waliokuwa wamelaumu walirudi kusifu, na kufikia mwaka 2021 tathmini nyingi za wanunuzi zilikuwa za sifa. Mdogo wangu aliupenda sana, akajenga nyumba ya ajabu pamoja na rafiki zake. Na mimi je? Nilipoona watu wakipita huku na huku katika sayari zangu, niliona uchungu. Niliukosa ukimya wa kwanza. Nikawa sasa ni mimi niketiye mkekani, nikilalamika ya kuwa mchezo nilionunua sio huu. Mdogo wangu alicheka, lakini hakuniita kipofu. Katika jambo hilo alinishinda uungwana.

Nje kidogo ya Nakuru pana mahali paitwapo Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alichimba mabaki ya watu wa kale katika miaka ya 1937 na 1938. Juu ya mwamba mmoja yapo mashimo yaliyochongwa kwa mkono, safu kwa safu. Ni bao. Waliolichonga wamekwenda zao pamoja na kete zao, na mashimo yamebaki yakinywa mvua. Tulifika huko na mdogo wangu tukiwa watu wazima. Nilisimama nikayatazama, nikapendezwa na utupu wake. Mdogo wangu alishuka njiani, akarudi na vijiwe viganjani, akanipa nusu.

Hatukucheza, maana mahali pale ni pa kuhifadhiwa, na mlinzi alikuwa akitutazama. Tuliketi kando tu, kila mmoja na vijiwe vyake mkononi. Lakini nilifikiri ya kuwa mtunzi wa mchezo wowote, wa jiwe au wa kioo, huchonga mashimo, na kete huletwa na mchezaji. Mmoja huja na hamu ya ukimya, mwingine huja na hamu ya mwenzi, na wote wawili hulitazama shimo lile lile na kuona vitu viwili. Hapana kosa katika hilo. Kosa ni kumwita mwenzako kipofu kwa sababu kete zake si kama zako. Na kosa lililo kubwa zaidi ni kumwambia aje na kuku wake, kwa ahadi ambayo wewe mwenyewe huna hakika nayo.