Shangazi na Tiki Yake

Wiki jana kliniki moja hapa Newham, mashariki ya London, ilimpa Shangazi fomu ya kujiandikisha. Jina, anwani, sawa. Ukurasa wa pili ukataka kujua anavutiwa na nani kimapenzi: wanaume, wanawake, wote, wengineo, au hapendi kusema. Chini yake: je, jinsia unayojitambulisha nayo ndiyo uliyoandikishwa ulipozaliwa?

Shangazi akavaa miwani, akatia tiki kwenye “hapana”.

“Shangazi! Kwa nini?”

“Mwanangu, mimi nimezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga. Nani aliyeniandikisha?”

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikapandwa na hasira. Kwa tiki ile moja bibi wa watu, mwenye wajukuu na vijukuu, kawa transjenda. Na hayuko peke yake. Sensa ya England na Wales ya 2021 iliuliza swali karibu hilohilo. Watu kama 262,000 wakajibu hapana. Newham yetu hii, ya wahamiaji na masoko ya bamia, ikaongoza kwa asilimia 1.5, ikaipita hata Brighton, mji unaosifika kwa kuwa na transjenda wengi! Baadaye wataalamu wakagundua kwamba wasiokijua vizuri Kiingereza ndio waliojibu hapana kupita kiasi, na mwaka 2024 takwimu zile zikashushwa daraja. Watu wanaopenda kuuliza hivi, wangeuliza kwa lugha ya kueleweka basi.

Maana jambo lenyewe si gumu. Unampenda nani ni swali moja. Wewe mwenyewe unajiona nani ni lingine. Mwanamume anayependa wanaume ni mwanamume tu. Aliyezaliwa akaitwa mvulana, naye akajijua ni mwanamke, anaweza kumpenda yeyote, kama sisi wengine. Nilimweleza Shangazi hivyo tukisubiri basi, akaelewa kabla halijafika.

Kwetu Mombasa wote hao tumewatia kapu moja, tukaliita shoga, jina ambalo Shangazi huwaitia wenzake wa chama kila Ijumaa bila wasiwasi. Huntha pekee, aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili, ndiye ana mlango wake: mashekhe wana hesabu yake ya mirathi tangu zamani, na sensa ya Kenya ya 2019 ikawahesabu, watu 1,524. Hao wengine nani angejitaja? Mei mwaka huohuo, miezi mitatu kabla ya sensa, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, chenye kifungo cha hadi miaka 14.

Nilipoisimulia habari ya fomu kwenye grupu la familia, kaka yangu akajibu kwamba Wazungu wamekosa kazi. Huenda. Ila nikimwuliza kwa nini binamu yetu aliyehamia Nairobi haji hata Idi, na kwa nini harusi zinapita bila kadi kumfikia, kaka huyohuyo huniambia yuko bizi.