Kuhesabu Pumzi

Ndugu zangu wa ukoo na wasomaji wengine mliotawanyika ughaibuni, nimezoea kuwaandikia habari za majahazi, nyaraka na picha za wazee wetu. Leo naandika habari ya marehemu baba yangu, Mola amrehemu, ambayo kwa miaka kumi na miwili sikuthubutu kuigusa.

Baada ya mwaka 1964 ami zangu walihamia Maskati. Baba alibaki pwani. Mimi nilikuja Sweden, nikaweka makazi hapa Sundbyberg, manispaa iliyo ndogo kuliko zote nchini kwa eneo. Baba aliposhikwa na homa ya mapafu alilazwa katika wodi ya kawaida ya hospitali moja. Usiku dada yangu alinipigia simu: "Kaka, Baba anahema mbiombio, hata neno hamalizi." Nikamuuliza, daktari amemwona? Akajibu kwamba wameambiwa wangoje asubuhi. Baba hakuifikia asubuhi hiyo.

Tangu hapo nilijilaumu kwa jambo moja. Nyumbani kwangu hadi Solna, ilipo hospitali ya Karolinska na mashine zake za kila namna, ni mwendo wa miguu. Nami sikuwahi kumleta Baba huku.

Lawama hiyo ilianza kubadilika sura niliposoma kazi za Dkt. Tim Baker, bingwa wa usingizi na wagonjwa mahututi, ambaye utafiti wake umekwenda na kurudi kati ya Taasisi ya Karolinska na Muhimbili, Dar es Salaam. Yeye na wenzake, miongoni mwao Dkt. Edwin Lugazia wa Muhimbili, hawakuanza na mashine. Walianza na mapigo ya moyo, presha, idadi ya pumzi kwa dakika, na oksijeni iliyomo katika damu. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015 waliweka mipaka ya hatari. Kipimo kikivuka mpaka, kuna jambo la kutenda papo hapo: kumpa mgonjwa oksijeni, kumtilia maji ya mshipani, kumfungulia njia ya hewa. Utaratibu huo ulipoanza kutumika, hatari nyingi zaidi zilipata tiba mapema.

Elimu hii ya mahututi yenyewe ilikua kutokana na mlipuko wa maradhi. Mwaka 1952 polio ilipoishambulia Copenhagen, Dkt. Bjørn Ibsen alianzisha njia ya kuwapumulia wagonjwa kwa mifuko ya mpira, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu, usiku na mchana, wakiiminya kwa mikono. Mwaka 2020, Korona ilipoingia na dunia ikagombania mashine za kupumulia, Baker na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuonya kwamba huduma za msingi zisisahauliwe.

Mwaka 2025 jarida hilohilo lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Zaidi ya nusu ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Na kati ya waliokuwa wakishindwa kupumua, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni.

Niliposoma hapo nilisita. Yule alikuwa Baba. Sisemi kwamba angepona. Ajali haina kinga, na homa ya mapafu huua hata Solna. Ila nilifahamu kwamba alichokikosa hakikuwa ng'ambo ya bahari. Pengine kilikuwa mtungi uliosimama wodi ya pili, na mtu wa kuhesabu pumzi zake. Hata mimi usiku ule niliuliza habari za daktari, sikuuliza anapumua mara ngapi kwa dakika.

Mwaka huu shangazi yetu alilazwa kwa maradhi yaleyale. Nilimwambia dada, "Tazama saa, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja nzima." Alihesabu thelathini na nne. Akamwendea muuguzi wa zamu kwa adabu, akamtajia idadi hiyo. Muuguzi alikuja, akahesabu mwenyewe, kisha akaenda kuuleta mtungi. Shangazi yuko nyumbani sasa, analalamikia uji usio na sukari.

Dada hakusema neno kuhusu Baba, wala mimi sikusema. Tulibaki kimya kwenye simu kitambo, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini.

Basi, ndugu zangu, simu ya usiku ikija kutoka nyumbani, kabla hamjauliza zinahitajika fedha kiasi gani, ulizeni kwanza: anapumua mara ngapi kwa dakika?