Birere ya Goma: Kati ya Mazembe na Vita

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Goma na kuelekea mpaka wa Rwanda hana budi kupita Birere. Atajua amefika kwa msongamano wake. Nyumba za mbao zilizoezekwa mabati zimebanana juu ya jiwe jeusi, na penginepo ukivuka ua mmoja tu umekwisha kufika Gisenyi, nchi ya watu wengine. Tangu alfajiri wanawake huenda na kurudi katika kile kituo cha mpaka kiitwacho Petite Barrière, wamejitwika mboga, unga na vitenge. Vijana husukuma chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kikiwa kimepakiwa magunia ya makaa au viazi hata dereva haonekani. Wabadili fedha wameketi na vibunda vyao, na kando yao nguo za mitumba zimetundikwa kutoka upande huu wa njia hata upande ule.

Lile jiwe jeusi si la kale. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukashuka katikati ya mji mpaka ukaingia Ziwa Kivu. Uliteketeza maduka, nyumba, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walikimbilia Gisenyi. Lakini hazikupita siku nyingi wakaanza kurudi, wakajenga juu ya ardhi iliyokuwa ingali na joto. Miaka sita baadaye, Aprili 2008, ndege kubwa ya abiria ilishindwa kuruka ikaangukia upande huu huu wa soko na makazi, ikaua watu wengi. Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani kwamba watu wa Birere hawana mambo mazito ya kuzungumza. Wanayo tele. Walakini ukikaa kwa fundi cherehani, au kwa kinyozi, au penye kibanda cha kutazamia mpira, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye swali moja: wewe ni wa Mazembe au wa Vita?

Si jambo dogo kulielewa swali hilo. Mazembe ni timu ya Lubumbashi, yapata kilomita 1,100 kusini mwa Goma. Vita ni timu ya Kinshasa, mbali zaidi ya kilomita 1,500 upande wa magharibi. Wengi wa hao wanaopigana kwa maneno hawajaiona miji hiyo, wala pengine hawataiona. Tena Goma ina timu zake. Iko DC Virunga, yenye jina la milima yetu, na iko Dauphin Noir. Lakini hebu tazama majina yenyewe. “Daring” ni jina la chama cha Kinshasa ambacho leo huitwa Motema Pembe, nacho kilianzishwa mwaka 1936 na Padre Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, yule ambaye wakazi wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël. “Dauphin Noir”, yaani pomboo mweusi, ni jina la sifa la Vita. Basi hata anayeshangilia timu ya nyumbani hutaja, pasipo kufikiri, majina yaliyotoka mbali.

Tukianza na Mazembe, wanafunzi wa shule za misioni watafurahi kusikia asili yake. Mwaka 1939 Mapadre Wabenedikto waliosimamia Chuo cha Mtakatifu Bonifasi huko Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, waliwatafutia mchezo wale vijana wao wasiokusudia upadre. Wakaanzisha timu, wakaiita Saint Georges. Baadaye ikaitwa Saint Paul. Kisha mapadre walipoacha kuisimamia ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Kutoka kwa Mtakatifu Georgi hata kwa matairi ya gari ni safari kweli kweli! Baada ya uhuru ikajiongezea sifa ya “Tout Puissant”, yaani wenye nguvu zote, ambayo mimi naona imezidi kidogo kwa wanadamu kumi na mmoja wenye bukta. Hata hivyo walijitahidi kuistahili. Walitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967, wakalitwaa tena 1968, na miaka miwili iliyofuata wakafika fainali wakashindwa. Ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla timu nyingine haijaweza kulitwaa mara mbili mfululizo.

Vita ni mkubwa wake kwa umri. Ilizaliwa mwaka 1935 kwa jina la Renaissance, ikapata kuitwa Diables Rouges, kisha Victoria Club, na mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa katika nchi nzima, ikawa Vita Club. Hapa pana jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha pamoja. Kwa Kilatini neno vita maana yake ni uzima. Kwa Kiswahili cha Goma kila mtoto ajua maana yake. Mshonaji mmoja mzee wa Birere, mpenzi wa Vita tangu ujana, husema kwamba alipokuwa akitaja timu yake mbele ya mama yake, mama alimkemea: “Mwanangu, usiite neno hilo nyumbani mwangu.”

Mzee huyo ana sababu zake. Mwaka 1973 Vita ilifungwa na Asante Kotoko magoli 4 kwa 2 kule Kumasi katika mchezo wa kwanza wa fainali. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Ikarudi Kinshasa, ikafunga matatu pasipo kufungwa hata moja, ikalitwaa kombe. Katika kikosi chake alikuwamo Ndaye Mulamba, ambaye miezi michache baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1974, alifunga magoli 9, na idadi hiyo haijafikiwa na mtu katika mashindano ya namna hiyo moja. Mimi nasema wazi kwamba ushindi ule wa 1973 wasifiwa kidogo kuliko ustahilivyo.

Lakini wapi! Kijana asukumaye chukudu hasikii hayo. “Papa,” amwambia mshonaji, “mwaka 2010 Vita ilikuwa wapi?” Naye ajibiwa: “Mwanangu, na wewe mwaka 1973 ulikuwa wapi?”

Mwaka 2010 ndiyo silaha ya watu wa Mazembe, nayo ni silaha kali. Mwaka huo waliifunga Espérance ya Tunis magoli 5 kwa 0 pale Lubumbashi katika fainali ya Afrika. Mwezi wa Desemba wakaenda Abu Dhabi kwa kombe la dunia la vilabu. Wakaishinda Pachuca ya Meksiko kwa goli moja. Wakaishinda Internacional ya Brazili kwa magoli mawili. Na hivyo wakawa timu ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kuingia fainali ile. Huko walifungwa matatu na Inter ya Milano, lakini nani alikumbuka? Kilichokumbukwa ni kipa Robert Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini kama chura mwenye furaha. Watoto waliozaliwa baadaye huuiga mtindo huo bila kujua jina la mwenyewe.

Lingine lililoivuta Mazembe karibu na Birere ni lugha. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili kama Goma. Kinshasa ni mji wa Kilingala, na Kilingala katika Kivu kilisikika kwa muda mrefu kinywani mwa askari. Mtu aliyeulizwa hati zake usiku kwa lugha hiyo ataichagua kwa shida timu ya wenye lugha hiyo. Tena Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walipokwenda kucheza Lubumbashi, timu ile ilizidi kuonekana kama ya nyumbani kwa Waswahili wote. Na mwaka 2015, Mazembe ilipolitwaa kombe la Afrika kwa mara ya tano, Samatta alikuwa mfungaji wake mkuu. Hata hivyo wenye Vita wana jibu: Fiston Mayele, aliyewafurahisha watu wa Yanga pale Dar es Salaam tangu mwaka 2021, alitoka Vita. Na fedha? Mazembe chini ya Moïse Katumbi, mwenyekiti wake tangu 1997, ilijenga uwanja wake yenyewe Kamalondo. Vita haina uwanja wake. Tusidanganyane: sehemu ya utukufu wa makombe yale ilinunuliwa, ingawa goli halinunuliwi.

Ushindani huu umeua watu. Tarehe 11 Mei 2014 timu hizi mbili zilikutana Kinshasa, katika uwanja ule ule wenye jina la Tata Raphaël. Vita ilikuwa nyuma. Mawe yakarushwa, polisi wakatupa moshi wa machozi, watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Walikufa watu 15. Kosa halikuwa la upande mmoja, wala mpira haukuwa sababu kubwa kuliko milango myembamba na hofu. Baadaye mwaka huo huo timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali ya Afrika, na Vita ikashinda kwote kuwili, nyumbani na ugenini. Mzee mshonaji angali anayo fulana ya mwaka huo. Ya kijani na nyeusi, imechakaa kwenye kola.

Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Umbali wa Kinshasa na Lubumbashi, ambao ulikuwa wa kilomita, ukawa wa namna nyingine. Uwanja wa mpira wa Unité ulijaa watu mwezi wa Februari, nao hawakuja kwa mpira bali kwa mkutano wa wakuu wapya.

Watoto wa Birere hawakuacha. Mpira wa dukani hautoshi siku mbili juu ya lava, kwa kuwa jiwe lile lina meno. Kwa hiyo hutengeneza wao wenyewe, matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba, ambao ukipasuka hufungwa tena. Wote hutaka kuwa Mazembe. Basi hupiga kura kwa vijiti, na walioangukiwa na kijiti kifupi huwa Vita, hununa kidogo, kisha huanza kucheza.