Bendi tatu ambazo redio haikupigii

Ukitaja rock mbele ya vijana wa mjini jibu ni lile lile: "Ah, hizo kelele za wazungu." Anayesema hivyo mara nyingi amekulia nyumba ambayo mzee kila Jumapili anamsikiliza Mbaraka Mwinshehe, gitaa linalia tangu asubuhi mpaka ugali unaiva. Jamani, gitaa la umeme tunalo siku nyingi! Tatizo ni kwamba redio hazitupigii bendi ndogo za Kiafrika zinazolipiga kivingine. Basi leo nawaletea tatu, na kila moja gitaa lake lina kazi.

Ya kwanza ni Etran de L'Aïr, ya Agadez, Niger. Hawa ni ndugu wa ukoo mmoja na kazi yao ni kupiga harusini. Walianza 1995 na gitaa moja lisilo la umeme, ngoma hawana, wakawa wanapiga kibuyu kwa kandambili. Kiongozi wao, Moussa "Abindi" Ibra, alikuwa na miaka 9 tu. Wamesimulia walivyokuwa wakitembea kilomita 25 na vyombo mgongoni kwenda kupiga bure. Tafuta Imouwizla, kwenye albamu Agadez ya 2022. Magitaa yanafukuzana bila kupumzika, maana harusini ukinyamaza watu wanarudi kukaa. Kama unapenda sebene, hapa huhitaji mkalimani.

Ya pili ni BLK JKS ya Johannesburg. Mwaka 2010 walipanda jukwaani Soweto kwenye tamasha la kufungua Kombe la Dunia. Ungedhani baada ya hapo ni mteremko. Wapi! Wakiwa wanatengeneza albamu ya pili, wezi waliingia wakaondoka na rekodi. Jamaa wakaanza upya. Abantu / Before Humans ikatoka 2021, miaka 12 baada ya After Robots. Anza na Harare, waliomshirikisha Morena Leraba wa Lesotho. Vaa spika za masikioni, simu peke yake itauonea.

Ya tatu ni ya jirani zetu, Crystal Axis wa Nairobi. Hawa ni punk. Wana wimbo Leopold, unaomshitaki yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake. Ila leo nataka usikilize Nyayo House. Jengo hilo liko katikati ya Nairobi, watu wanapanga foleni pale kufuatilia pasipoti. Chini yake kuna vyumba ambamo watu waliteswa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Moi, kwa kushukiwa kuipinga serikali. Kijana wa miaka 20 hakuwepo, na anaweza kuchukua pasipoti yake akaenda zake bila kujua amesimama juu ya nini. Sisi waandishi tukiiandika habari hiyo leo, kesho gazeti linafungia maandazi. Wimbo mtu anaurudia mpaka anauimba. Ni kelele? Ndiyo, ni kelele. Kuna mambo hayasemwi kwa kubembeleza.

Bendi hizi hazina fedha za matangazo, zinaishi kwa mtu kumwambia mwenzake. Ukipenda hata wimbo mmoja, ununue, kisha mpigie rafiki yako yule wa "kelele za wazungu". Mwanzishie na ile ya harusini.