Barua kwa Mpwa Aliyeanza Kukusanya Cherehani za Kale



Habari kwamba mpwa ameanza kununua cherehani za kale, na kwamba chumba cha nyuma sasa hakipitiki kwa wingi wake, zimemfikia mjomba na zimemfurahisha. Nasaha hii haikusudii kuipoza shauku hiyo, bali kuipa mwelekeo, kwa kuwa cherehani ni chombo cha kazi, na kila kinachosemwa kuihusu, kuanzia bei yake hadi umri wake, kinapaswa kupimwa kwanza kwa mshono inaoutoa.

Mshono wenyewe basi ueleweke kabla ya mashine. Cherehani ya nyumbani hutoa mshono wa kufungana, yaani mshono wa nyuzi mbili, ambapo uzi wa juu hupita katika tundu lililo karibu na ncha ya sindano, na uzi wa chini hutoka kwenye bobini, kigurudumu kidogo kilichoviringishiwa uzi chini ya bamba la kushonea. Sindano inapofika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi wa juu hulegea na kufanya kitanzi, na papo hapo ndoano iliyo chini ya bamba hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kwenye bobini, kisha uzi huvutwa juu hadi nyuzi mbili zikafungana ndani ya unene wa kitambaa. Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya mashine ya mshono huo mwaka 1846, na mwaka 1851 Isaac Merritt Singer akapata hataza ya mashine ambayo sindano yake ilikwenda wima huku kitambaa kikiwa kimelazwa juu ya meza. Kabla yao, Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alikuwa na mashine ya uzi mmoja iliyoshona sare za jeshi, na mwaka 1831 mafundi wa Paris walivamia karakana yake na kuzivunja mashine hizo kwa kuhofia riziki zao, tukio ambalo anayekusanya cherehani hapaswi kulipita haraka, kwa sababu chombo ambacho leo ni tegemeo la fundi kiliingia duniani kikidhaniwa kuwa adui yake.

Kuhusu uadimu, mpwa anashauriwa awe na tahadhari kubwa. Cherehani nyeusi ya Singer yenye mapambo ya rangi ya dhahabu huonekana kama hazina, lakini mashine zenye herufi K katika jina la modeli, kama 15K, 99K na 201K, zilitoka katika kiwanda cha Clydebank huko Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, ambacho katika mwaka 1913 pekee kilisafirisha mashine zaidi ya milioni 1.3. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi huo hakiwi adimu kwa sababu tu kimezeeka, na muuzaji anayetaja umri bila kukubali mashine ijaribiwe kwa kitambaa hastahili kusikilizwa. Bei kubwa nayo si ushahidi wa thamani: mwaka 2009 uvumi ulienea Saudia kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu, dutu ya kubuni isiyothibitishwa na sayansi yoyote, na ikadaiwa kuwa simu ya mkononi ikisogezwa karibu na sindano na mawasiliano yakakatika, huo ndio ushahidi. Watu walilipa maelfu ya riyali kwa mashine ambazo wiki chache nyuma zilikuwa mali ya kawaida. Sindano ni chuma, na ndani ya cherehani hamna zaidi ya chuma, mafuta na vumbi la pamba.

Thamani halisi iko mahali pengine, nayo ni upatikanaji wa vipuri. Modeli ya 15 ya Singer iliigwa na viwanda vingi, vikiwemo vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na Butterfly ya Shanghai, ambayo Waafrika Mashariki wameizoea kwenye vibaraza vya mafundi, imejengwa kwa mtindo huohuo, kwa hiyo bobini na sindano za mashine hizi hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Modeli ya 12, iliyotolewa miaka ya 1860, ni nzuri kuitazama, lakini sindano yake ni ya aina ya pekee ambayo haitengenezwi tena kwa kawaida. Modeli za 27 na 28 hazitumii bobini ya duara bali bobini ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya kikasha chenye umbo la risasi kinachoyumba mbele na nyuma, na mashine ya aina hiyo ikiuzwa bila kikasha chake, mnunuzi amenunua pambo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mpwa afungue kifuniko cha chini, ahakikishe kikasha na bobini vimo, kisha azungushe gurudumu kwa mkono taratibu, sehemu ya juu ikija upande wake, na asikilize. Ugumu ulio sawa mzunguko mzima mara nyingi ni mafuta yaliyoganda na huponyeka, lakini mgongano unaorudi mahali palepale katika kila mzunguko huashiria kitu kilichopinda au kuvunjika.

Usafishaji ndio uwanja ambamo wakusanyaji wengi huharibu wanachokipenda, na hapa mjomba anaomba asikilizwe kwa makini zaidi. Rangi nyeusi ya mashine hizi, pamoja na mapambo yake, imefunikwa kwa shelaki, utando mwembamba wa utomvu unaong'aa, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Anayepangusa mwili wa Singer kwa spiriti ili kuondoa uchafu huondoa kinga hiyo, na mapambo hufuata, wala hakuna fundi atakayeyarudisha yale ya asili. Mwili usafishwe kwa kitambaa laini cha pamba chenye mafuta ya cherehani, kwa subira, hata kama kazi itachukua siku kadhaa. Mafuta ya taa yana nafasi yake, lakini ndani tu, kwenye viungo vya chuma vilivyonata, ambako tone moja moja huyeyusha utandu wa zamani, na baada ya hapo kila kiungo kipewe mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi na hayagandi. Mafuta ya kupikia yasiguse mashine kabisa, kwa kuwa hukauka na kugeuka gundi, na sehemu kubwa ya cherehani zinazotupwa kwa madai ya kufa zimezibwa tu na mafuta yasiyofaa.

Mashine ya umeme inahitaji uangalizi wa ziada. Mpira wa waya za miongo mingi iliyopita hukauka na kupasuka, hivyo isichomekwe kabla fundi umeme hajaikagua, na mota ya soko la Marekani, inayotumia volti 110 hivi, itaungua ikiunganishwa na umeme wa volti 230 wa Tanzania.

Mshono unapokuwa mbaya, jambo la kwanza kubadilisha ni sindano, wala si skrubu. Sindano ya kawaida ina ubavu mmoja bapa na mfereji mrefu upande wa pili; ubavu bapa hutazama ndoano, na uzi huingizwa kutoka upande wa mfereji, na ikiwekwa kinyume kitanzi hakidakwi na mishono hurukwa. Vitanzi vikionekana chini ya kitambaa, mara nyingi kasoro iko juu, kwenye visahani vinavyoubana uzi ili kuupa mkazo, kwa sababu uzi haukuingia vizuri katikati yake. Na uzi wa juu ukilala umenyooka kama waya, basi umekazwa kupita kiasi. Skrubu ndogo ya kikasha cha bobini iguswe mwisho kabisa, na kwa kiasi kidogo mno.

Cherehani ya miguu inataka mazoezi bila uzi kwanza, hadi miguu izoee kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma, kwa kuwa gurudumu likirudi, uzi hujisokota chini na kukatika. Mkanda wake wa ngozi hulegea kwa matumizi, na dawa yake ni kuukata kidogo na kuunganisha upya.

Mashine zilizokwisha kununuliwa zinatosha kwa sasa. Mpwa anaombwa achague moja, aipeleke kwa fundi mzee wa mtaani na kuketi naye anapoifungua, kwa sababu mafundi wanaojua kuirekebisha ndoano kwa jicho wanapungua na ujuzi wao haukuandikwa, kisha aishone kwa mashine hiyo nguo nzima, kuanzia bega hadi pindo, kabla ya kununua nyingine yoyote.

Wasalaam,
Mjomba