Ruzuku Isiyofika Zizini

Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, maji hububujika ardhini yakiwa moto, lakini malisho ni haba. Septemba 2022, ukame ukiangamiza mifugo kaskazini, serikali ilipunguza bei ya mbolea, mfuko wa kilo 50, kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mkulima wa mahindi alishukuru. Je, mfugaji ambaye shamba lake ni mbuzi wake alifaidi nini? Mwaka 2015 serikali ilianza kuwalipia baadhi ya wafugaji wa Turkana na Wajir bima, ili malisho yakipungua wapate fedha za lishe kabla mifugo haijafa. Hiyo ndiyo ruzuku iliyofika zizini. Wahenga walinena, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapana budi ruzuku ipimwe kwa riziki ya kila kaya, wala si kwa mfuko wa mbolea pekee.